Neema, Rehema na Fadhila katika Deni



Maneno haya matatu hutamkwa kila siku, na watu wengi huyachanganya. Neema ni kile alichopewa mtu na Mola wake: mvua, afya, mtoto, mavuno. Rehema ni upole wa moyo umfanyao mwenye nguvu amwonee huruma mnyonge. Ama fadhila, asili yake katika Kiarabu ni ziada, nayo ni kile mtu atoacho kupita wajibu wake. Basi alipaye deni lake hakumfadhili mtu, wala kadhi aliyehukumu kwa haki. Na karani ampaye raia haki yake kisha akangoja bahashishi, huyo anakula rushwa kwa jina zuri.

Fadhila hutoka kwa mwenye haki tu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 45, humpa Rais uwezo wa kumsamehe aliyehukumiwa na mahakama. Sharia nayo, katika kisasi cha kuua, imeweka msamaha mikononi mwa warithi wa aliyeuawa, kama ijulikanavyo katika Suratul Baqara, aya ya 178. Jirani hawezi kusamehe kwa niaba yao, hata akiwa mwema namna gani.

Lakini fadhila hujaribiwa khasa katika deni. Na itazamwe Mwamapalala, katika wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu, nchi ya Wasukuma walimao pamba. Mbegu hutiwa ardhini mvua zianzapo mwisho wa mwaka, na fedha haionekani mpaka msimu wa kuuza ufunguliwe, yapata mwezi wa Mei. Kati ya hapo ghala ya chakula yaweza kwisha. Mfanyabiashara, awe ametoka Tanga au Mwanza, akimkopesha mkulima gunia moja la mahindi kwa sharti arudishiwe gunia na nusu, hiyo ni riba, hata akisema kuwa amemwokoa na njaa. Akinunua kwa bei ya salam, akalipa thamani yote papo hapo kikaoni, kwa uzani, sifa na muda unaojulikana, mauzo yamesihi. Lakini hiyo ni biashara, asimdai mtu shukrani kwayo.

Je, mvua ikikatika na mdeni akawa hana kitu? Aya ya 280 ya sura hiyohiyo imeamrisha angojwe mpaka apate wasaa, na ikasema kuwa kumwachia ni bora zaidi. Hapa wanafunzi hushangaa: kungoja ni wajibu, kusamehe ni sunna, na kanuni ni kuwa faradhi hushinda sunna. Imamu Suyuti, katika Al-Ashbah wan-Nadhair, ameihesabu mas-ala hii miongoni mwa zile chache zilizotoka katika kanuni hiyo, pamoja na kuanza kutoa salamu, ambako ni bora kuliko kuitikia. Na sababu yake imeelezwa: aliyesamehe amekwisha kuacha kudai, na kuacha kudai ndiko kungoja kwenyewe, kisha akazidisha.

Hata hivyo msamaha wa deni una masharti, na watu wa sokoni huyapuuza. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, kusamehe deni lisilojulikana kiasi chake hakusihi. Basi kwanza daftari lifunguliwe. Wala hausihi msamaha uliotundikwa kwa jambo lijalo, kama kusema, "Mvua ikinyesha nimekusamehe." Si sharti mdeni akubali. Akisha kusamehewa, deni limeanguka, halirudi kwa ugomvi wala kwa majuto; na kumsimbulia mbele za watu ni katika yale yaliyokatazwa na aya ya 264.

Tajiri asemaye, "Deni lile nimelifanya zaka yangu," zaka yake haikutoka kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Na ampe maskini yule zaka mkononi mwake, bila ya sharti ya kurudishiwa. Naye akipenda kulipia deni kwa mali hiyo, yajuzu. Na akipenda kununua mahindi, ni mali yake.