SOMO LA KWARESIMA: SAHANI ISIYO NA NYAMA

Somo la Biblia: Danieli 1:8-16 na Isaya 58:6-7



Kila mwaka Jumatano ya Majivu inapokaribia, wako miongoni mwetu wanaoazimia kuacha nyama, samaki, mayai na maziwa mpaka Pasaka. Wengine huendelea hivyo mwaka mzima, kwa ajili ya bei au kwa ajili ya afya. Ni azimio jema. Lakini mimi, niliyefundisha somo la lishe ubaoni miaka mingi, nililifanya vibaya, na kosa langu ndilo somo letu la leo.

Nilipostaafu niliacha vyakula vyote vya wanyama, nikajisifu kwamba natumia fedha kidogo. Asubuhi chai ya rangi na muhogo. Mchana ugali na mchicha. Jioni vivyo hivyo, na chai tena juu yake. Mwaka wa nne nyayo zikaanza kufa ganzi, nikawa napepesuka gizani kama mlevi. Nyumbani wakadhani ni uzee. Daktari aliponipima damu alisema, "Mwalimu, damu imepungua, na vitamini B12 imekwisha mwilini." Nilidungwa sindano kwa muda mrefu. Nguvu zimerudi, ila ganzi ya vidole haijaondoka yote.

Je, chakula cha mimea ndicho kilichonidhuru? Hasha! Nilichokosa ni mpango. Ndugu zetu Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga siku 55 kabla ya Pasaka bila nyama, maziwa wala mayai, lakini mezani pao hapakosi dengu. Basi na tujifunze mambo manne.

Kwanza, unganisha nafaka na jamii ya kunde. Protini hujenga mwili. Nafaka hupungukiwa na sehemu ya protini ambayo maharage yanayo kwa wingi, na maharage hupungukiwa na ile iliyomo katika nafaka. Ndiyo sababu makande, au wali kwa mbaazi za nazi, humshibisha na kumjenga mtu kuliko ugali na mchicha peke yake. Si lazima viwe katika sahani moja. Vikiliwa siku ile ile yatosha.

Pili, saidia madini ya chuma. Maharage, choroko na mboga za majani vina chuma, lakini mwili hukipokea kwa shida. Chungwa, pera, embe au ndimu pamoja na chakula hurahisisha kazi hiyo. Chai huizuia, basi iache mpaka saa moja au mbili zipite baada ya kula. Maharage yaloweke usiku, umwage maji yake. Yataiva upesi na mkaa utabaki. Kisamvu kitwange na kukichemsha sana, maana kibichi kina sumu.

Tatu, usisahau karanga, ufuta na nazi, kwa maana mboga tupu hazitii nguvu. Karanga zenye ukungu zitupe, wala usimpe kuku, zina sumukuvu.

Nne, na hili ndilo lililoniangusha: vitamini B12 huwezi kuitegemea katika mboga wala nafaka za shamba. Mwili huweka akiba yake kwa miaka, hivyo mtu hujiona mzima mpaka akiba iishe. Siku 40 za Kwaresima hazitamdhuru mtu mzima mwenye afya. Lakini anayeacha vyakula vya wanyama moja kwa moja hana budi kupata vidonge vya B12, au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo. Wajawazito, wanaonyonyesha, wazee na wagonjwa waonane kwanza na mganga wa zahanati. Na mtoto mdogo asinyimwe yai au maziwa kwa ajili ya toba ya wazazi wake.

Danieli na wenzake walijaribiwa siku 10 kwa chakula cha mimea na maji, nyuso zao zikaonekana njema kuliko za waliokula meza ya mfalme. Kwa hiyo mama anayempakulia mgeni maharage asione haya, wala asikimbilie kukopa kuku. Lakini nabii Isaya anatukumbusha kwamba kufunga kunakompendeza Mungu ni kumgawia mwenye njaa. Mimi niliiweka mfukoni fedha niliyookoa, nikajiita mfungaji. Safari hii fedha ya kitoweo tuiweke kando tangu siku ya kwanza, na Ijumaa Kuu tuitoe kwa jirani asiye na kitu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI
1. Wiki iliyopita, ni siku ngapi nafaka na kunde vilikutana mezani petu?
2. Nani nyumbani mwetu hapaswi kufunga namna hii, na kwa nini?
3. Fedha tutakayookoa itamfikia nani?