Sugu za Miguu na Matunzo Yake



Msimu unakaribia, na kama ilivyo dasturi ya ukurasa huu, kabla ya kuchuma hutolewa somo moja la kutufaa shambani. Mara nyingi tumesoma khabari za mkarafuu wenyewe: palizi yake, maradhi yake, na namna ya kuanika. Leo naomba ruhusa yenu tuuweke mkarafuu kando kidogo, tuutazame mguu unaoupanda. Karafuu hazichumwi kwa mikono peke yake. Mchumaji husimama kutwa juu ya tawi jembamba, uzito wake wote umelalia sehemu ndogo ya wayo, na akishuka hubeba alichochuma mpaka kwenye mizani. Anayeumwa na kidole kimoja cha mguu hupanda miti michache, na karafuu hazimngoji. Zikishafunguka maua, bei yake imekwisha.

Kwanza tujue sugu ni nini. Ngozi ikibanwa au ikisuguliwa mahali pamoja siku baada ya siku, hujitengenezea ngao. Huzidisha lile tabaka la juu, lililokufa, mpaka likawa nene na gumu. Basi sugu si uchafu, wala si maradhi ya kuambukizana, wala si kitu kilichoingia kutoka nje. Ni ngozi yako mwenyewe inajilinda na kitu kinachoionea.

Zipo namna mbili, na yafaa tuzitofautishe. Ya kwanza ni sugu pana, inayoota chini ya wayo, kisiginoni, na chini ya kidole gumba. Hii kwa kawaida haiumi. Ya pili ni sugu yenye kiini. Hii ni ndogo, nayo huota juu ya vidole au ubavuni mwa kidole cha mwisho, na katikati yake pana kiini kigumu kinachochomeka ndani kama kijiwe. Kila kiatu kinapoikandamiza, kiini hugonga nyama hai, na hapo ndipo mtu anapokunja uso. Pengine huota baina ya vidole viwili vinavyobanana. Hiyo huwa laini na nyeupe kwa sababu ya jasho, na wengi hudhani ni fangasi, ijapokuwa mara nyingine huwa ni yote mawili pamoja.

Chunjua ya wayo ni jambo jingine kabisa. Hiyo huletwa na kirusi, na huambukiza. Dalili yake ni kwamba ukiibana kwa pembeni, kwa vidole viwili, huuma kuliko ukiikandamiza kwa juu. Tena mistari ya ngozi huizunguka badala ya kuipitia, na mara nyingi huwa na vidoto vyeusi. Mwenye hiyo asijitibu kwa maneno ya somo hili, bali amwone mganga wa kituo.

Nisieleweke kwamba kila sugu ni adui. Mwaka 2019 wataalamu Nicholas Holowka na Daniel Lieberman, pamoja na wenzao, walitangaza katika jarida la Nature utafiti wao juu ya miguu ya watu wa Kenya na wa Marekani. Waliwalinganisha wanaokwenda miguu mitupu na wanaovaa viatu. Wanaokwenda miguu mitupu wana sugu nene zaidi, lakini wayo wao husikia ardhi sawasawa na wa wenzao. Mchumaji wetu hupanda bila ya viatu, naye alijua hilo kabla ya wataalamu: sugu yake humkinga na gome la mti, wala haimnyimi kulitambua tawi bovu chini ya mguu. Basi asiikwangue yote wiki moja kabla ya msimu kwa kutaka miguu laini. Mimi mwenyewe ninayo moja kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, niliyoipata chuoni kwa kukaa juu ya mkeka tangu utotoni, na sala hazikuiacha ikaondoka. Hainiumi, nami siisumbui.

Sugu ya kushughulikiwa ni ile inayouma, au inayopasuka. Ngozi nene ikikauka hufanya magaga, na gaga likifika kwenye nyama huwa mlango wa vijidudu. Mtu anayekanyaga tope na samadi asidharau mlango huo. Mtoki ukivimba kwenye paja na homa ikaanza, jua kwamba vimekwisha ingia, usingoje. Tena ni vyema kila anayefanya kazi ya shamba aulize kama chanjo yake ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Dawa ya kwanza ya sugu inayouma ni kukitafuta kinachobana. Asiyekiondoa hicho ataikwangua leo, na baada ya wiki chache itarudi pale pale. Mara nyingi mkosaji ni kiatu. Weka karatasi chini, simama juu yake kwa uzito wako wote, na uchore mguu kwa kalamu. Kisha kiweke kiatu chako juu ya mchoro huo. Mwenye kufanya hivyo mara ya kwanza hustaajabu, maana huona mguu wake umetokeza pande zote mbili, na kila siku anaushindilia humo. Nunua viatu jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Jaribu vyote viwili, kwani miguu ya mtu haifanani, na pale mbele pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Muuzaji akikwambia kiatu kitalegea, mrudishie.

Viatu vya mtumba vina ila yake. Kiatu hicho kimekwisha zoea mguu wa mwenyewe wa kwanza, pahala pake pa kubonyea pako tayari, na mguu wako hulazimika kufuata umbo la mtu usiyemjua. Sisemi msinunue, maana najua bei zilivyo, lakini tia mkono ndani na upapase: ukikuta bonde au kigongo, kiache. Buti za mpira, khasa zile kubwa kupita kiasi, husugua kwa sababu mguu huogelea ndani. Zivaliwe na soksi. Na ndara iliyochakaa, iliyobaki wayo mwembamba na ukanda mgumu, huleta sugu baina ya kidole gumba na cha pili.

Baada ya hapo ndipo matunzo. Tia miguu katika maji ya vuguvugu, yasiyounguza, kwa muda wa dakika kumi hivi. Sugu ikilainika, isugue polepole kwa jiwe la kusugulia miguu, kuelekea upande mmoja. Ondoa kidogo tu, kisha uache. Ukiona wekundu au ukisikia inawasha, umekwisha pita mpaka. Kausha, upake mafuta ya nazi au vaselini, lakini baina ya vidole usipake, pabaki pakavu. Fanya hivyo kila siku, nayo itapungua taratibu. Kazi ya wiki mbili haifanywi usiku mmoja. Ikiwa sugu ina kiini, kata kipande cha sponji au blanketi kuukuu, kikubwa kama sarafu ya shilingi mia mbili, ukitoboe katikati. Kibandike hivyo kwamba sugu ikae ndani ya tundu na uzito uchukuliwe na pembeni. Wengi hukosea wakaweka pamba juu ya sugu yenyewe, na hivyo huzidisha kubana.

Katika maduka ya dawa huuzwa plasta na maji yenye asidi ya salisiliki. Hulainisha ngozi iliyokufa, na kwa mtu mwenye afya husaidia, lakini asidi haijui kupambanua baina ya iliyokufa na iliyo hai. Nimekwisha sikia pia wanaotumia maji ya betri, na wanaopaka mafuta ya ganda la korosho. Vyote hivyo huunguza nyama. Na sisi tuliozungukwa na karafuu tuna kishawishi chetu: mafuta ya karafuu. Ni kweli hutia ganzi, ndiyo maana huwekwa kwenye jino bovu. Kwenye sugu hayaondoi kitu. Yakiwa makali hubabua ngozi, na kwa ganzi yake mtu huendelea kukanyagia mguu unaodhurika.

Ganzi ndiyo iliyonifanya niandike somo hili. Ami yangu ameniruhusu niyaseme haya, ila nisilitaje jina lake, ingawa wengi wenu mtamjua. Alinunua viatu vyeusi kwa harusi ya binti yake. Vikambana, akaambiwa vitalegea, naye akaendelea kuvivaa kila Ijumaa. Kidole cha mwisho kikaota sugu yenye kiini. Siku moja nikamkuta barazani anaikata kwa wembe.

"Ami, hujiumizi?" nikamuuliza.

"Hata sisikii, mwanangu," akanijibu. "Ngozi kavu tu hii."

Nikacheka, nikaenda zangu ofisini kuandika daftari. Mimi niliyesoma sikuelewa kwamba neno lile, "sisikii", ndilo lilikuwa khatari yenyewe. Ami alikuwa na maradhi ya sukari bila ya kujua. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, mtu akawa hahisi jeraha. Huziba pia mishipa ya damu, na jeraha likakosa chakula cha kuliponya. Wembe ulipita kwenye nyama naye hakuhisi. Alilifunga kitambaa, akaenda shamba. Alipofikishwa spitali kidole kilikuwa kimekwisha kuwa cheusi, na siku hiyo ndiyo alipimwa sukari kwa mara ya kwanza. Wakakata kidole. Baada ya wiki chache wakakata mguu, chini ya goti. Msimu uliopita mlimwona kwenye sakafu ya kuanikia, amekaa kitini, anageuza karafuu zilizochumwa na watu wengine katika mikarafuu yake.

Kwa hiyo mwenye sukari, na yeyote asiyesikia vyema miguuni, asitumie wembe, wala plasta ya asidi, wala asiikwangue sugu mwenyewe. Aende kituo cha afya hata kama haimuumi. Chini ya sugu ya mtu kama huyo huweza kuwa na kidonda kilichofunikwa, na doa la damu ndani ya sugu ni dalili yake. Asitie miguu katika maji ya moto kabla ya mtu mwingine kuyajaribu. Na kila siku aitazame miguu yake. Sisi tunaotia udhu tuna nafasi hiyo mara tano kwa siku, na tunapopitisha kidole baina ya vidole vya miguu macho nayo yafuate, kisha tukauke vizuri kabla ya kuvaa. Asiyeweza kuinama amwombe mkewe au mwanawe amtazamie nyayo.

Siku ya kuandikisha wachumaji, msaidizi wa afya atakuwapo ofisini kuanzia saa mbili asubuhi, naye atapima sukari bila ya malipo. Kila mwanachama aje na viatu anavyovaa shamba. Karatasi na kalamu za kuchorea miguu zitakuwapo mezani kwangu.

Katibu