SOMO LETU: USALAMA WA MFANYAKAZI WA USAFI WA NYUMBA



Wengi wetu tuna binti, dada au shangazi aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Wapo waliopanga chumba Mwananyamala. Kila alfajiri hupanda daladala kwenda Mikocheni au Masaki kusafisha nyumba za watu. Hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Ina ujuzi wake na ina hatari zake. Leo tujifunze hatari hizo, ili tukimwandikia ndugu yetu barua tumwandikie jambo la maana.

1. DAWA ZA KUSAFISHIA

Jiki huua vijidudu na kung'arisha nguo nyeupe. Dawa nyingi za kusugulia choo zina asidi. Kila moja ina kazi yake. Lakini zikichanganywa hutoa hewa ya sumu iitwayo klorini. Hewa hiyo huchoma macho, koo na mapafu. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, ilitumiwa kama silaha ya kuua askari huko Ubelgiji. Basi fikirini mtu akiivuta ndani ya choo kidogo, dirisha limefungwa!

Wengine hudhani dawa mbili zikiungana uchafu utatoka upesi. Siyo kweli. Kinachoongezeka ni sumu. Hata jiki na mkojo havipatani, kwa hiyo mwaga maji chooni kwanza.

Shika haya:
- Fungua madirisha na mlango kabla ya kuanza.
- Vaa glovu za mpira na viatu.
- Tumia dawa moja tu. Suuza kwa maji mengi kabla ya kutumia nyingine.
- Ukianza kukohoa au macho kuwasha, toka nje upesi. Usiseme, "Ngoja nimalizie kidogo."

Dawa ikiingia machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali. Mtu akinywa dawa, usimtapishe, maana itamchoma koo mara ya pili. Mwahishe hospitali, na chupa ya dawa uichukue, ili daktari ajue ni dawa gani.

2. KUJUA KUSOMA NI KINGA

Watu wengi hununua dawa ya kupimiwa, ikatiwa katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiiona hudhani ni kinywaji. Wewe uliyejifunza kuandika, chukua karatasi, andika JIKI – SUMU, ubandike kwenye chupa. Kisha iweke juu, mbali na watoto. Ukiona picha ya fuvu la kichwa, ujue ni sumu. Kama maandishi ni ya Kiingereza, mwombe mwenye nyumba akueleze. Kuuliza si ujinga.

3. MAJI, UMEME NA NGAZI

Sakafu iliyopigwa deki huteleza. Anzia ndani kabisa, umalizie mlangoni, usikanyage ulipokwisha pita. Kabla ya kufuta jokofu au feni, zima swichi na uchomoe waya ukutani, mikono ikiwa mikavu. Usipande juu ya ndoo au kiti kibovu kufikia dari. Omba ngazi, na mtu wa kuishika. Usitoke nje ya dirisha la ghorofa kusafisha vioo. Kioo kikichafuka husafishwa; mtu akianguka harudi. Chupa zilizovunjika zisiokotwe kwa mkono. Zoa kwa ufagio, uzifunge katika gazeti.

4. HESHIMA NA HAKI

Hatari nyingine haimo katika chupa. Yupo mwenye nyumba anayemshika mfanyakazi bila ridhaa yake, au kumtisha. Jambo hilo ni kosa. Usilifiche kwa kuona haya. Mwambie mtu unayemwamini, kisha nendeni kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kila siku mwache ndugu au jirani akijua unafanya kazi nyumba gani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu pia mfanyakazi wa nyumbani. Inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Masharti ya kazi yaandikwe, na kama hayaeleweki, mwajiri ahakikishe yameelezwa mpaka yaeleweke. Mtoto chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Kipo pia chama cha wafanyakazi wa mahotelini na majumbani, CHODAWU. Peke yako sauti ni ndogo. Umoja ni nguvu.

Kabla ya kuanza kazi ulizeni: glovu atanunua nani? Nikiumia, nani atalipa matibabu? Jibu liandikwe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini jiki haichanganywi na dawa ya choo?
2. Mtu akinywa dawa ya kusafishia, tufanye nini? Tusifanye nini?
3. Katika nyumba zetu kijijini, ni sumu gani tumeziweka kwenye chupa za vinywaji? Kila mmoja akatazame leo, aandike jina na kulibandika.
4. Mwandikie ndugu yako aliye mjini barua fupi. Mweleze mambo matatu uliyojifunza hapa.