Kadi ya SHA Unayo, Dawa Je? Mwongozo kwa Mstaafu wa Keroka

Gharama inayommaliza mstaafu mara nyingi si ya kulazwa. Akilazwa, watoto watachanga, ndugu watakuja, na bili italipwa hivi au vile. Kinachomla polepole ni dawa za kila mwezi: ya presha asubuhi, ya sukari baada ya chakula, ya kolesteroli usiku. Anapanga foleni tangu alfajiri, anafika dirisha la dawa, anaambiwa, "Hizi mbili zipo, mzee. Hii ya tatu imeisha, kanunue nje." Huko nje ni kemisti ya karibu na steji, ambako hakuna anayemuuliza kadi. Anaulizwa pesa.

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, wastaafu wengi wamejiandikisha wakaona wamemaliza kazi. Lakini SHA haikupi kibali cha kuingia kemisti yoyote ukachukua dawa. Inakilipa kituo cha afya, na kituo ndicho kinachokupa dawa kikiwa nazo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bima ipi ni nzuri, jiulize dawa zako ni zipi na ni kituo kipi huwa nazo. Hatua zifuatazo zitakusaidia kujibu.

1. Andika dawa zako zote

Mali bila daftari hupotea bila habari, na dawa vilevile. Chukua daftari la mtoto wa shule. Kwa kila dawa andika jina, nguvu yake kwa miligramu, mara ngapi kwa siku, tembe ngapi kwa mwezi, na bei uliyolipa mara ya mwisho.

Jina ndilo lenye mtego. Tazama pakiti vizuri: lile lililoandikwa kwa herufi kubwa huwa ni jina la biashara, na chini yake, kwa herufi ndogo, kuna jina la dawa yenyewe. Glucophage ni metformini. Norvasc ni amlodipini. Vituo vya serikali hutumia jina la dawa, si la kampuni. Mtu anayeulizia Norvasc kwenye zahanati anaweza kuambiwa haipo, ilhali amlodipini imejaa rafuni. Mwombe daktari akuandikie kwa jina la dawa.

Kisha mwulize swali la pili: kati ya hizi, ni zipi zimo kwenye Orodha ya Dawa Muhimu ya Kenya, toleo la 2023, na zinatolewa kuanzia kituo cha kiwango gani? Orodha hiyo huonyesha kila dawa inapaswa kuanza kupatikana wapi, kwenye zahanati au hospitali kubwa. Hapo utaweza kugawa dawa zako mafungu matatu: za kuchukua karibu na nyumbani, za kufuata hospitali kubwa, na zile ambazo huenda ukanunua mwenyewe.

Sasa piga hesabu. Tuseme mama mwenye presha na sukari hutumia shilingi 2,400 kwa mwezi kwenye kemisti. Kwa mwaka ni 28,800. Ikiwa thuluthi mbili ya dawa hizo zinapatikana kwenye kituo cha afya bila malipo, anabaki na 9,600. Hiyo ndiyo pesa ya kuitafutia mpango. Bila hesabu hii, ajenti wa bima yeyote atakuuzia chochote.

2. Jua hazina ipi inalipa nini

SHA ina hazina tatu, na wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni Hazina ya Afya ya Msingi. Hugharimia matibabu ya kutwa kwenye zahanati na vituo vya afya, yaani Level 2 na 3, dawa zikiwemo. Pesa zake hutoka serikalini. Unachotakiwa ni kuwa umejiandikisha, hata kama hujalipa mchango. Kwa mgonjwa wa presha au sukari aliyetulia, hii ndiyo hazina yake kuu ya dawa, na ndiyo wastaafu wengi huiruka wakikimbilia hospitali kubwa.

Ya pili ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, SHIF. Hii hufungua milango ya hospitali za Level 4 hadi 6, na ni kwa waliolipa mchango. Inagharimia kulazwa, upasuaji, usafishaji wa figo, matibabu ya saratani na mengineyo, kila huduma ikiwa na kikomo chake. Dawa unazopewa ukiwa umelazwa zimo ndani ya malipo hayo. Kwa dawa za kliniki unazobeba kwenda nazo nyumbani kutoka hospitali kubwa, usikisie. Uliza kabla ya kumwona daktari: dawa hizi zinalipwa na SHA, au nitazilipia?

Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu na mahututi; kwa magonjwa hayo, huingia baada ya kikomo cha SHIF kuisha. Mgonjwa wa saratani au wa figo aulize mapema kikomo chake kimebaki kiasi gani kwa mwaka huo, asingoje kuambiwa kimeisha akiwa tayari kitandani.

3. Chagua kituo kwa kabati lake la dawa

Keroka imekaa mpakani: upande mmoja wa mji ni Kaunti ya Nyamira, upande wa pili ni Kisii. Watu huliona jambo hilo wakati wa ushuru wa soko na siasa. Kwa mgonjwa, lina faida. Kila kaunti huagiza dawa za vituo vyake, kwa kiasi kikubwa kutoka KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, na kila moja ina bajeti yake, madeni yake na ratiba yake. Kwa hiyo upande mmoja unaweza kukaukiwa wakati mwingine una akiba. Hospitali za misheni nazo hununua dawa nyingi kutoka MEDS, shirika la makanisa. SHA ni ya taifa zima: haijali kitambulisho chako kimeandikwa kaunti gani. Muhimu ni kwamba kituo kina mkataba na SHA.

Basi kabla ya kuamua, tembelea vituo viwili au vitatu siku isiyo na foleni kubwa. Muulize anayesimamia dawa, kwa upole, maswali haya:

- Kliniki ya presha na sukari ni siku gani?
- Dawa zangu hizi, moja moja, mnazo leo? Huisha mara ngapi?
- Shehena huja lini, ili nije wiki ile ile?
- Aliyetulia mnampa dawa za siku 30, au mnaweza kumpa za miezi miwili au mitatu?

Swali la mwisho lina thamani kuliko linavyoonekana. Mzee wa Masimba au wa Gesima anayelipa nauli kila mwezi kufuata tembe za mwezi mmoja anaweza kuwa ananunua dawa ya bure kwa bei ya bodaboda.

Ukishachagua, tulia hapo. Hospitali kama ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, au ya rufaa ya Kaunti ya Nyamira, iwe ya kuchunguzwa na bingwa mara chache kwa mwaka. Mwombe bingwa aandike barua ya kukurudisha kwenye kituo cha karibu, yenye majina ya dawa na vipimo vyake, ili uendelee kuzichukua nyumbani. Usichukue dawa ile ile sehemu mbili ukizitumia zote. Amlodipini mbili kwa siku kwa sababu pakiti zina rangi tofauti imewaangusha wazee bafuni.

4. Panga mchango kabla pesa hazijatawanyika

Aliye kazini hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara bila hata kuona. Ukistaafu, hakuna wa kukukatia. Unahesabiwa pamoja na wasio na mshahara: unajibu maswali kuhusu nyumba, maji, mifugo na mali nyingine, kisha mfumo unakupangia kiwango. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima, yaani 3,600 kwa mpigo. Jibu maswali hayo mwenyewe au ukiwa na mtu unayemwamini, kupitia *147# au tovuti ya Afya Yangu. Ukiona kiwango ulichopangiwa hakilingani na hali yako, kata rufaa.

Wanaokaribia miaka 60 wawe macho zaidi. Bima nono ya mwajiri ni ya walio kazini. Walimu waliokuwa chini ya mpango wa matibabu wa Minet walihamishiwa SHA Desemba 1, 2025, lakini hilo halibadilishi kanuni: kwa kawaida siku ya kustaafu ndiyo siku ya kutoka kwenye mpango huo. Mwajiri hutuma mchango wa mwezi kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kabla ya mshahara wa mwisho, badilisha hali yako kwenye SHA na uwe na mchango wa mwaka tayari, ili pensheni ikichelewa usibaki wazi.

Ikiwa mume amestaafu na mke bado anafundisha, mke amweke mume kwenye orodha ya wategemezi wake. Lakini mtoto mwenye kazi Nairobi hawezi kuwaweka baba na mama kama wategemezi. Wao ni kaya yao. Anachoweza ni kuwalipia mchango wao, na hiyo ni zawadi bora kuliko nusu ya zinazoletwa Desemba.

Anayeuza majani chai kwa viwanda vya KTDA alipe mchango bonasi inapoingia, kabla haijagawanyika kwa karo na mabati. Asiye na bonasi aweke kidogo kidogo kwenye chama, au autazame mpango wa Lipa SHA Pole Pole, akikumbuka kwamba huo ni mkopo na una gharama yake.

5. Bima ya ziada: uliza kabla ya kutia sahihi

Bima ya kampuni binafsi inaweza kujaza pengo la dawa. Inaweza pia kukupotezea pesa. Rudi kwenye ile 9,600 ya mama yetu: hakuna sababu ya kulipa 40,000 kufunika pengo la 9,600, isipokuwa unanunua na kitu kingine unachokihitaji. Uliza na udai jibu kwa maandishi:

- Umri wa mwisho wa kujiunga ni upi, na mtanitoa nikifika miaka mingapi?
- Presha na sukari niliyo nayo tayari inalipiwa? Baada ya kungoja muda gani?
- Matibabu ya kutwa yana kikomo gani, na dawa za kila mwezi zina kikomo chake ndani ya hicho?
- Ni kemisti gani ya Keroka au Kisii inapokea kadi yenu leo?

Ambao bado wako kazini wana njia nyingine: hazina ya matibabu baada ya kustaafu, inayoendeshwa kupitia mifuko ya pensheni. Tangu marekebisho ya sheria za kodi ya Desemba 2024, mchango wa hadi shilingi 15,000 kwa mwezi kwenye hazina hiyo hautozwi kodi ya mapato. Mwenye miaka 50 leo ana muda wa kutosha kuijenga.

6. Wanaofuata watoto Marekani

Wazee wengi wa Gusii huenda Minnesota na kwingineko kulea wajukuu. Wajue mapema kwamba SHA hailipi bili ya ghafla huko. Beba dawa za kutosha safari yote, kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari, na mtoto akukatie bima ya safari.

Waliohamia kabisa na kufikisha miaka 65 huulizia Medicare, bima ya afya ya serikali ya huko kwa wazee. Mwenye kibali cha kudumu sharti awe ameishi huko miaka mitano mfululizo. Sehemu ya dawa, iitwayo Part D, ilianza 2006 na mtu huchagua mpango mwenyewe: mipango ni mingi, na kila mmoja una orodha yake ya dawa. Kila mwaka, kati ya Oktoba 15 na Desemba 7, mtu anaweza kuubadilisha. Anayechelewa kujiunga bila bima nyingine ya dawa hutozwa nyongeza. Hata huko, mwenye daftari la dawa ndiye huchagua vizuri.

7. Ukiambiwa "kanunue nje"

Usiondoke dirishani mara moja. Uliza kama kuna dawa ya kundi lile lile iliyopo. Ikiwepo, mrudie daktari akubadilishie kwa maandishi. Usikubali muuza kemisti akubadilishie kwa kukisia. Uliza pia shehena itakuja lini, kisha nunua za siku hizo tu, si za miezi mitatu.

Nunua kwa jina la dawa, ulinganishe bei za kemisti kadhaa, na uingie penye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu. Kataa tembe zilizomwagwa kwenye karatasi bila jina wala tarehe ya kuharibika. Usigawe tembe nusu ili mwezi uishe, wala usiache kwa sababu kichwa hakiumi: presha haina adabu ya kubisha hodi. Na usiweke kidole kwenye mashine ya kuthibitisha mgonjwa wa SHA wala kutoa namba ya siri inayotumwa kwenye simu kwa huduma ambayo hujapewa, hata ukiletewa soda.

Kila mwaka, mchango unapokaribia kuisha, fungua lile daftari: futa dawa ulizoachishwa, ongeza mpya, piga hesabu tena. Kisha mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani lilipo. Ukipelekwa hospitali usiku ukiwa huwezi kusema, yeye ndiye atakayeulizwa unatumia dawa gani.