Vitunguu Vidogo vya Jikoni, Gatuanyaga

Sufuria moja ya sukuma wiki haihitaji kitunguu cha ukubwa wa ngumi. Nusu hutumika, nusu hubaki kwenye sahani hadi inyauke. Kitunguu kidogo huisha chote mara moja, na Gatuanyaga, penye jua la kutosha, unaweza kukilima hatua chache kutoka mlango wa jikoni.

Siri ya udogo ni kubananisha miche. Anayelimia soko huacha sentimita 8 hadi 10 kati ya mche na mche. Wewe acha 5, na kati ya mistari uache 20. Tuta la mita 1 kwa 3 hubeba miche kama 300. Nyumba inayopika vitunguu vitatu kwa siku itakula kwa zaidi ya miezi mitatu. Tafuta Red Creole au Bombay Red, zinazofunga kichwa huku kwetu ambako mchana ni wa saa 12. Mbegu nyingi za Ulaya hungoja mchana mrefu, kwa hiyo hutoa majani matupu. Soma tarehe kwenye pakiti. Mbegu ya kitunguu iliyozidi mwaka huota kwa shida.

Sia kitaluni mwishoni mwa Machi, mvua ndefu zikianza. Baada ya wiki 6 hadi 8, mche ukifikia unene wa penseli, uhamishie tutani. Hivyo utavuna Septemba, kabla ya mvua za Oktoba, na hili nalisisitiza kuliko yote: kitunguu kilichovunwa mvuani hakikauki shingo, na kisichokauka shingo huoza.

Penye udongo mweusi unaonata, inua tuta shubiri moja ili maji yasituame. Changanya samadi iliyooza kabisa. Mbichi huleta majani mengi na shingo nene. Panda juujuu, usifukie kichwa kinapotokeza. Mizizi yake ni mifupi, kwa hiyo mwagilia kidogo mara kwa mara, asubuhi, na ung'oe magugu kwa mkono, kwani jembe litaikata.

Jua likizidi, fungua majani ya katikati utazame. Wadudu wadogo waitwao thiripi hujificha humo, na dalili yao ni michirizi ya rangi ya fedha. Nyunyiza maji yenye sabuni kidogo hadi ndani. Ukilazimika kununua dawa, heshimu siku za kungoja kabla ya kula zilizoandikwa kwenye chupa.

Nusu ya majani yakishalala, acha kumwagilia. Baada ya wiki moja hivi ng'oa vitunguu, uvianike kivulini penye upepo kwa siku 10 hadi 14, mpaka shingo ikauke na maganda yalie mkononi. Vitundike kwenye neti, mbali na viazi, kamwe si kwenye mfuko wa plastiki. Vyenye shingo nene au mchubuko vitenge, upike kwanza.