Bosi hajaniandikia mkataba: nina haki gani?

Tangu kima kipya cha chini cha mshahara kianze Januari 2026, barua zimekuwa nyingi kuliko uwezo wangu wa kuzijibu. Zinazouliza likizo ni siku ngapi na ofisi ya kazi iko wapi nimeziweka kando. Afisa kazi yeyote atakujibu kwa dakika mbili. Nimechukua zile zinazoniuma.

Wakili, shikamoo. Nimekaa kibanda cha wakala hapa Sogea, Tunduma, mwaka na nusu bila mkataba. Juzi bosi kaniambia nisirudi tena. Watu wanasema bila karatasi siwezi kudai chochote. Kweli?

Marahaba, binti yangu. Si kweli. Najibu hapa pamoja na mlinzi wa ghala wa Mpemba, mhudumu wa baa, dereva wa lori na tanboi wawili, maana wote wameuliza jambo hilo hilo kwa maneno tofauti.

Sijui uongo mwingine uliowaumiza wafanyakazi wa mji huu kama huu. Mkataba ni makubaliano. Karatasi ni ushahidi wake tu. Tena kuandika ni wajibu wa mwajiri, si wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, inamtaka akupe kwa maandishi kazi yako, tarehe ya kuanza, saa za kazi na mshahara. Mkifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, naye akashindwa kuitoa karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unakuwa wake. Ukisema ulilipwa kiasi fulani kila mwisho wa mwezi, yeye ndiye wa kuonyesha kwamba haikuwa hivyo.

Kwa dereva na matanboi, wimbo ni mwingine: "Hawa si waajiriwa, nawalipa kwa safari." Hapo fungua Sheria ya Taasisi za Kazi, Sura ya 300. Unahesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja tu kati ya yanayotajwa: unapangiwa saa au namna ya kufanya kazi, unatumia vifaa vya huyo mtu, unategemea kipato chake, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Tanboi anayelala chini ya tela kulinda mzigo kwenye foleni ya mpakani anazimaliza kabla lori halijavuka kwenda Nakonde, Zambia.

Na karatasi mnayodhani haipo, mara nyingi ipo. Kuna binti aliniletea daftari la kaunta, jalada limechakaa, limefungwa kwa mpira. Kila jioni kwa miezi kumi na minne bosi wake alikuwa ameandika tarehe, salio la asubuhi, salio la jioni, kisha sahihi kwa kalamu nyekundu. Yule binti alidhani hana ushahidi, kumbe ameubeba kwapani. Tafuteni daftari lenu: ujumbe wa malipo kwenye simu, sauti ya WhatsApp ya "kesho wahi kufungua", picha ukiwa na sare, delivari uliyosaini.

Yapo mambo mawili msiyakosee. Ukiwa hujatimiza miezi sita kazini, huwezi kulalamika kwamba umeachishwa isivyo halali, ingawa mshahara uliobaki bado ni wako. Na lalamiko la kuachishwa linafunguliwa ndani ya siku 30. Madai mengine, siku 60. Ukichelewa, utaanza kwa kuomba kuongezewa muda, na utatakiwa kueleza sababu ya maana. "Nilikuwa namsubiri bosi atulie" haitakusaidia.

Bosi anakata shoti yote kwenye mshahara. Mwezi uliopita nimeondoka na elfu kumi.

Hana ruhusa hiyo. Ili akukate kwa hasara, lazima iwe imetokana na kosa lako kazini, akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na alivyokipata, na akupe nafasi ya kupinga. Hata hapo, makato hayazidi robo ya ujira wako. Shoti iliyotokana na mtandao kukwama si kosa lako.

Je, kima kipya ni 358,322 kwa kila mtu?

Hapana. Kiwango kilichotangazwa Oktoba 2025 kilipanda kutoka 275,060 hadi 358,322, lakini kila sekta ina chake. Uliza cha sekta yako.

Mwenye fremu anataka kodi kwa kwacha. Anasema mpakani tumeruhusiwa.

Nani aliyeruhusu? Kanuni za Machi 2025 zinakataza bei na malipo ya bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Walioachwa nje ni wachache, kama balozi na maduka yasiyotozwa ushuru. Tunduma haimo. Kumiliki kwacha si kosa; ibadilishe benki au duka la fedha, ulipe shilingi.

Rafiki yangu wa Nakonde anataka nimkatie leseni ya kutengeneza simu kwa jina langu.

Usikubali. Tangu amri ya 28 Julai 2025, kutengeneza simu ni miongoni mwa biashara 15 zilizofungwa kwa asiye raia. Yeye anakabiliwa na faini isiyopungua milioni 10 au kifungo; wewe uliyemsaidia, milioni 5 au miezi mitatu jela. Lakini wanaosambaza kwamba Mzambia haruhusiwi hata kununua mchele kwetu wanapotosha. Amri inahusu kufanya biashara hizo, haigusi mteja.

Nilimlipa mtu wa karibu na stendi laki moja na nusu anifungulie kesi. Leo ni siku ya 26 tangu niachishwe, hapokei simu.

Huyo ni kishoka. Kufungua lalamiko CMA hakulipiwi. Kesho asubuhi chukua fomu namba 1, ijaze mwenyewe, mpelekee mwajiri nakala asaini kwamba ameipokea, kisha uiwasilishe Tume siku hiyo hiyo. Zimebaki siku nne. Habari ya laki na nusu tutaishughulikia baadaye, polisi.