Godoro Linalokauka: kwa nyumba za Gatumba zenye pumu na mzio

Kijitabu hiki ni cha nyumba yenye mtu anayeamka akipiga chafya mfululizo, macho yanamwasha na kifua kinalia, au mtu ambaye ngozi yake haipatani na kila kitambaa. Lawama huangukia vumbi la barabara ya Uvira au moshi wa makaa, na kweli vyote viwili huudhi kifua. Lakini kama chafya hupungua mchana na kurudi alfajiri, au kama hupotea mgonjwa akienda kulala kwa shangazi, chunguzeni anapolala.

Wanaoishi godoroni

Ndani ya godoro huishi wadudu wa vumbi, wenye urefu wa karibu theluthi moja ya milimita, wasioonekana kwa macho. Hawaumi wala hawanyonyi damu. Chakula chao ni magamba ya ngozi yanayotudondoka usingizini. Kinacholeta mzio ni protini zilizo katika kinyesi chao na mizoga yao, ambazo hurushwa hewani mlalaji anapojigeuza. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Leiden, Uholanzi, Voorhorst na Spieksma, ndio walioonyesha kwamba mzio wa vumbi la nyumbani unatokana na wadudu hawa.

Wadudu hawa hawanywi maji, bali hufyonza unyevu uliomo hewani. Hewa ikikauka, nao hukauka wakafa. Kwa unyevu wake, Gatumba, iliyokaa kati ya mto Rusizi na Ziwa Tanganyika, inawafaa sana.

Swali la kwanza dukani

Muuzaji atakusifia unene, ulaini na rangi ya kitambaa. Mtu wa mtaa wa Kinyinya au Mushasha aanze na swali jingine: likilowa, nitaweza kulikausha? Aprili 2020 Rusizi ilifurika ikaingia majumbani, watu wakahama. Mwaka 2024 ziwa nalo likapanda. Maji hayo hupita vyooni kabla ya kufika chumbani. Godoro la sponji lililolowa namna hiyo likapitisha siku mbili bila kukauka halifai tena kulaliwa, hata kama kitambaa chake cha juu kimekauka kabisa. Libonyeze katikati kwa ngumi, uachie, kisha unuse pale pale. Ukisikia harufu ya udongo mbichi, kuvu imeshaota ndani, na kuvu huamsha pumu kama wadudu wa vumbi. Kulitupa kunauma, hasa kwa familia iliyokwisha kupoteza vingine vyote. Lakini mwenye pumu asililalie.

Kwa sababu hiyo sisi tunapendelea godoro la sponji ngumu kiasi, lisilo nene sana, ambalo mtu mmoja anaweza kulibeba hadi nje na kulipandisha juu maji yakija. Yale manene yenye matabaka mengi ni mazuri kwa anayeishi mlimani. Godoro la pamba au sufi nalo lina faida yake: mfuko hufunguliwa, ujazo ukaanikwa juani na kurudishwa. Kazi hiyo afanye mwingine, mwenye mzio akae mbali mpaka vumbi litulie. Godoro la majani makavu ni la bei nafuu, ila hushika kuvu upesi. Kama ndilo mlilo nalo, badilisheni majani mara tu yanapoanza kunuka.

Sponji mpya hutoa harufu kali ya kemikali zilizobaki kiwandani. Wapo inaowauma kichwa au kuwabana kifua. Iondolee plastiki, uiweke siku kadhaa kivulini penye upepo kabla ya kuilalia. Jua kali la siku nyingi huigeuza sponji kuwa ya njano na kuifanya imeguke, lakini jua la saa chache, mara kwa mara, linasaidia kukausha unyevu. Anayewashwa na glavu za mpira au baluni aulize kama godoro lina mpira asilia.

Sokoni kuna magodoro makuukuu yaliyovalishwa kitambaa kipya. Usione haya kumwomba muuzaji afungue zipu. Tazama kama sponji ina alama ya mstari wa maji, kisha pitisha kidole kwenye mishono. Vidoa vyeusi vilivyojikusanya pale ni kinyesi cha kunguni, na hapo usibishane bei, ondoka.

Si kila muwasho ni mzio

Kunguni huacha alama za kuumwa, mara nyingi zimefuatana kwa mstari, kwenye mikono, shingo na sehemu nyingine zilizokuwa wazi. Ugonjwa wa upele huwasha zaidi usiku, kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na kwa kawaida humpata zaidi ya mtu mmoja nyumbani. Dawa yake wapewe wote kwa wakati mmoja. Kununua godoro jipya kwa ajili ya upele ni kupoteza faranga.

Chandarua chenye dawa kikiwa kipya kinaweza kuwasha ngozi. Kitoe mfukoni, ukitundike kivulini saa 24, ndipo ukifunge kitandani. Kisiachwe kwa sababu ya muwasho huo, kwa maana malaria bado iko.

Baada ya kulinunua

Funika godoro lote, juu, chini na pembeni, kwa mfuko wa kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi zilizobana. Plastiki nayo huzuia wadudu, lakini humtoa mlalaji jasho, na karatasi laini ya plastiki inaweza kumziba pumzi mtoto mchanga. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki. Maji ya nyuzi 60 huua wadudu. Yasipopatikana, fua kwa maji ya kawaida na uanike kwenye jua kali. Usitandike godoro juu ya sakafu ya saruji, maana unyevu hupanda kutoka chini. Hata chaga za mbao juu ya matofali zinatosha kupitisha hewa. Asubuhi acha kitanda wazi kwanza, jasho la usiku likauke, ndipo utandike.

Tuseme wazi: mfuko wa godoro peke yake haujathibitika kutuliza pumu. Mgonjwa aliyepewa dawa ya kuvuta aendelee nayo. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, au ngozi ya kati ya mbavu ikiingia ndani kila anapovuta hewa, msingoje kupambazuke. Mpelekeni kituo cha afya. Mwaka 2006 serikali ilitangaza kwamba watoto walio chini ya miaka 5 watibiwe bure katika vituo vya umma, kwa hiyo mtoto asicheleweshwe kwa kutafuta pesa kwanza.